Machela Ilipopita Lukoba

Kihonda, Morogoro
11 Februari 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na Bi Semeni, na lile goti lako limetulia. Mimi sijambo. Mvua za mwaka huu zimetukomesha. Uwani kwetu ni tope tupu, na mwenye nyumba anasema ataleta kifusi, maneno anayoyasema tangu nihamie. Kazini wameshanizoea. Nimepangwa wodi ya wazazi, kazi ile ile niliyoifanya miaka yote huko Lusengwe, ila huku umeme ukikatika hakuna anayenituma kumwamsha Sista awashe jenereta.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mjomba, namtaka mdogo wangu Riziki ashuke huku.

Alipokuja kunisalimu mwezi uliopita nilimpima presha, nikabadilisha kipimo nikidhani kimeharibika, nikampima tena. Iko juu. Miguu imevimba, kandambili zake hazimwingii. Hii ni mimba ya kwanza na atajifungua mwishoni mwa Aprili, katikati ya masika. Hospitali yetu ingekuwa wazi nisingesema neno, angelazwa pale pale na mimi ningekuwa namwona kila zamu. Lakini tangu Desemba mlango una kufuli, daktari amekwenda zake, masista wamerudi kwao. Hapo mmebakiwa na zahanati yenye dawa za malaria na muuguzi mmoja. Mtu wa kupasuliwa lazima afike mjini, hakuna njia nyingine.

Chumba ninacho na kitanda cha pili ninacho. Aje mwanzoni mwa Aprili akae kwangu. Mumewe Abasi hana pingamizi, lakini anasema mwenye neno ni wewe. Marehemu baba angekuwa hai naye angenijibu hivyo hivyo, kamwulize mjomba wako. Basi nakuuliza.

Nijibu mapema, tafadhali.

Mpwa wako,
Nasra


Lusengwe
3 Machi 2024

Mpwa wangu Nasra,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika ikinuka ndizi mbivu, maana Amosi wa gari la ndizi aliichomeka kwenye mkungu ili asiisahau. Tuko wazima. Goti linajua mvua itanyesha lini kuliko redio. Bi Semeni anakusalimu na anauliza utaolewa lini. Nimemwambia mambo hayo aandike barua yake mwenyewe. Mdalasini mwaka huu ni mzuri, ila wanunuzi wanajifanya hawautaki.

Najua utasema nina simu kwa nini siipokei. Mtandao uko Lukoba, ng'ambo ya korongo, na mimi siwezi kushuka na kupanda kila ukinikumbuka. Halafu simu ni ya kuuliza umeamkaje. Mambo ya ukoo mtu huyaandika akiwa ametulia, si kuyapigia kelele juu ya jiwe watu wa Lukoba wakisikiliza.

Hospitali iko vile vile. Nyuki wameingia kwenye dirisha la chumba cha upasuaji. Tumepeleka ombi wilayani na kwenye kata, tumejibiwa kwamba limepokelewa. Sasa ni la kusubiri.

Kuhusu Riziki, nimekaa na wazee, nami nasema hapana. Usinune kwanza, nisikilize. Huyo ni mjukuu wa kwanza wa tumbo la dada yangu. Wewe hujaleta, Riziki ndiye analeta. Atazaliwa kwenye ardhi ya mama zake na kitovu chake kitazikwa nyuma ya nyumba, pale kilipozikwa chako. Nikimpeleka akazalie kwenye nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba wako asiyemwaga kifusi, nitawaambia nini walionitangulia?

Tena hatukuwa mbwa hapa kabla masista hawajaja. Machela ipo. Umesahau kwa sababu ulikuwa ndani umevaa nguo nyeupe. Vijana wetu wanafunga blanketi kwenye miti miwili na kushuka. Wakifika kwenye kona ile ya mwamba wanaonekana kutoka Lukoba. Wa Lukoba wakiiona machela hawangoji kuitwa. Wanaume wanashuka korongoni kuipokea, na kijana wao Yunusi anapanda lile jiwe la mtandao kupiga simu ili gari la wagonjwa liwe limefika barabarani kabla ya mgonjwa. Watu wametoka hivyo tangu simu hazijaja, wakati ule alikuwa anakimbia mtu. Riziki akizidiwa tutambeba.

Kula vizuri, naona kwenye picha aliyokuja nayo Riziki umekonda.

Mjomba wako,
Mwinshehe


Kihonda
24 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Huku wote wazima, nami sijanuna, nimekasirika. Bi Semeni nimemletea kitenge, Amosi anacho.

Machela naijua. Nimeipokea mlangoni mara nyingi kuliko wewe ulivyoibeba. Lakini wakati ule ilikuwa inaishia mlangoni kwetu, mtu anatoka kwenye blanketi anaingia chumba cha upasuaji. Siku hizi inapita mlango ule ule wenye kufuli na kuanza safari. Korongo, Lukoba, barabara ya tope mpaka Mkuyuni, kisha Bigwa, kisha mjini. Na hapo ni kama kila kitu kimekwenda sawa.

Sitaki kubishana nawe kuhusu kitovu. Nataka Riziki awe hai. Kama bado unakataa, basi shika hili na umsomee Abasi na yule muuguzi wa zahanati. Riziki akilalamika kichwa kinamgonga, au macho yanaona giza au vimulimuli, au tumbo linamuuma hapa juu karibu na mbavu, msisubiri uchungu, msisubiri kukuche, msimpe mwarobaini. Abebwe saa hiyo hiyo. Kinachofuata baada ya hapo ni degedege, kifafa cha mimba, na nimeona wanawake wakifa nacho wakiwa kitandani na dripu mkononi, sembuse njiani.

Nakuomba, mjomba. Sijawahi kukuomba kitu kama hiki. Mlete.

Nasra


Lusengwe
6 Mei 2024

Mpwa wangu Nasra,

Assalaam aleikum. Bi Semeni anakusalimu na anashukuru kwa kitenge.

Barua yako ya Machi nimeipata juzi. Ilikaa dukani kwa Sufiani pale Mkuyuni tangu daraja lizolewe na maji, gari la Amosi likawa halivuki, linavuka la wagonjwa peke yake, tena kwa shida. Yale ya kichwa na macho na tumbo la juu nimeyasoma, lakini Riziki alikuwa kwako tayari. Kichwa kilimuuma siku mbili. Tulimpa mwarobaini.

Nakushukuru kwa kumshika ndugu yako. Abasi ameniambia hukutoka wodini. Mungu akulipe. Mvua ndiyo iliyotuchelewesha, basi, hatukuwa na la kufanya. Mimi niliifuata machela, goti likaniishia Lukoba, gari likaondoka na Abasi na Yunusi, nikarudi.

Niambie mtoto amezikwa wapi hasa, na kama kuna mti karibu wa kukumbukia. Na kama alikuwa wa kike au wa kiume. Abasi nikimuuliza analia.

Mjomba wako,
Mwinshehe


Kihonda
19 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Riziki anaendelea vizuri. Mshono umekauka, presha inashuka polepole, na jana alikula ugali akaomba tena. Anakaa mlangoni anaangalia watoto wa jirani wakicheza kombolela.

Alikuwa wa kiume. Alizaliwa amekwisha kufa. Tulitaka kumleta huko, barabara ikawa haipitiki, tukamzika makaburini huku mjini upande wa ukuta, kuna mkorosho karibu. Shehe alikuja, majirani walikuja, hata mwenye nyumba alikuja na jembe lake. Nimeweka mawe. Ukija nitakupeleka.

Unasema mvua ndiyo iliyowachelewesha. Mjomba, Yunusi alishuka na gari lile, akajitolea damu, kisha akakaa kwenye benchi nje ya wodi akalia mbele za watu mpaka nikamchukua pembeni. Amenieleza.

Amesema waliiona machela kwenye kona ya mwamba, kama siku zote. Wakaanza kushuka. Kisha wakaona aliyelala juu yake amefunikwa koti mpaka usoni, hatikisiki. Wakajua ni maiti. Na maiti haikimbiliwi. Wakarudi majumbani kuvaa kanzu, wanawake wakaanza kulia, watu wawili wakatumwa kutafuta majembe. Yunusi alikuwa ameshapanda jiwe na simu mkononi. Akashuka bila kupiga. Akaenda kuoga ili apokee msiba.

Ninyi mkavuka korongo wenyewe, wanne mmechoka, maji yamejaa. Mkafika Lukoba mkawakuta wamejipanga njiani kwa kanzu, wameinamisha vichwa. Ndipo Riziki akashikwa na degedege tena chini ya lile koti, na wote wakapiga ukunga. Simu ikapigwa hapo. Gari likaanza kuja hapo.

Daktari aliyempasua aliniambia mtoto alikuwa amefariki muda si mrefu. Ningemwambiaje kwamba gari halikuitwa kwa sababu watu walikuwa wanatafuta kanzu?

Sikuulizi nani alimfunika uso. Mvua ilikuwa inamnyeshea na mtu mwenye huruma alimfunika, najua. Hata mimi ningekuwa pale pengine ningefanya hivyo, maana kwa mgonjwa aliyelala chali huwezi kuvumilia kuona matone yanamwingia machoni. Lakini nina hasira, mjomba. Nina hasira na nyuki waliomo kwenye chumba changu cha upasuaji, nina hasira na waliofunga na waliokubali pafungwe, na nina hasira nawe kwa neno lako la mwezi wa tatu. Nimejaribu kuandika barua hii bila kusema hivyo nikashindwa.

Koti lilifika hospitali pamoja na Riziki. Nimelifua, nimelipiga pasi, nampa Amosi akuletee. Kifungo cha juu kilikuwa kimekatika, nimeshona kingine, rangi haifanani sana.

Nasra


Kihonda
14 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu. Amosi anaapa kwamba koti alikupa mkononi.

Riziki anarudi kwa mumewe, ndiye anayekuletea barua hii. Amepona. Vidonge vya presha anavyo, avinywe kila siku hata akijisikia mzima. Wasiharakishe mimba nyingine, nimewaambia wote wawili, wewe usiwashawishi.

Sina zaidi. Kama umekasirika niambie umekasirika. Kukaa kimya hakukufai, wewe si mtu wa kukaa kimya.

Nasra


Lusengwe
25 Agosti 2024

Mpwa wangu Nasra,

Marahaba, mwanangu. Riziki amefika, amenenepa, umemlisha. Bi Semeni alimpikia kuku. Mdalasini nimeuza. Nyuki wa hospitali wamelinwa na mlinzi, asali ameuza Mkuyuni, lakini kufuli bado lipo. Kutoka wilayani wamekuja watu wawili wakapima chumba kwa kamba na kuondoka.

Koti limefika. Limefuliwa vizuri, hata halinijui tena. Lipo kwenye msumari. Sijalivaa, na baridi ya mwezi wa saba ilikuwa kali kweli.

Naumia, Nasra. Nalala naumia, naamka naumia. Hilo nakuandikia mara moja, usinitake nilirudie.

Nimeita watu. Nilikwenda Lukoba mwenyewe, kwa goti hili, nikasimama mbele yao wakiwemo wale waliokuwa wamevaa kanzu. Wao walitaka kuniomba radhi. Nikawaambia nyamazeni, hamkukosa kitu, mliona mlichoonyeshwa. Tukakubaliana hivi. Mgonjwa habebwi amefunikwa uso hata mawe yanyeshe kutoka mbinguni. Mwavuli unashikwa juu ya kichwa chake, na mshika mwavuli hana kazi nyingine. Na mbele ya machela anatangulia mtu na firimbi, apulize kuanzia kona ya mwamba mpaka Lukoba waitikie. Maiti itapita kimya. Firimbi ametupa Mwalimu Josephine wa shule ya msingi, ile ya michezo.

Wiki iliyopita Mwalimu Josephine huyo huyo akashikwa na tumbo, kidole tumbo kile. Tukambeba na firimbi yake. Lukoba waliteremka mbio kama wanagombea kitu, na Yunusi alipiga simu mpaka salio likaisha. Gari tulilikuta linatusubiri. Amepasuliwa huko mjini, ameshatoka. Mshika mwavuli nilikuwa mimi. Hawakutaka, wakasema mzee goti, nikawaambia mwavuli haushikwi kwa goti.

Firimbi si hospitali. Najua utaniambia, basi nimejiambia mwenyewe.

Mjomba wako,
Mwinshehe


Lusengwe
8 Juni 2025

Mpwa wangu Nasra,

Assalaam aleikum. Hatujaandikiana kwa muda, kosa ni letu sote. Hapa wazima. Bi Semeni ameacha kuuliza utaolewa lini, sasa anauliza kwa nini mwenye nyumba wako ana mke mmoja tu.

Riziki ana mimba. Wamekaa nayo kimya wakiogopa utafoka. Foka basi ukimaliza unisikilize. Muuguzi wa zahanati anampima kila wiki, namsindikiza mimi nikiona kwa macho yangu, na safari hii nimejifunza kusoma kile kipimo. Jana namba ya juu imeanza kupanda. Si sana.

Sikuombi ruhusa na wewe usiniombe. Namleta. Safari hii habebwi na mtu. Nataka ashuke wakati njia ni kavu na miguu yake bado inaingia kwenye viatu, apite Lukoba akitembea mwenyewe, watu wamsalimie naye aitikie. Tutapumzika kila anapotaka. Alhamisi tutakuwa kwako, Inshallah, Amosi ameahidi kutuweka mbele na si juu ya ndizi.

Azalie huko. Nimeshawaambia wazee, mmoja amenuna, atakunjuka. Ila kitovu kikikatika usikitupe. Kifunge kwenye kitambaa safi unitunzie, nitakuja kukichukua.

Na yule mwingine utanipeleka kumwona, pale kwenye mkorosho.

Mjomba wako,
Mwinshehe


Kihonda
21 Agosti 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia ingawa Yunusi ameshakupa habari. Alinipigia akasema alikimbia mpaka kwako akakukuta unapalilia, ukaketi chini katikati ya migomba ukamwambia akuache.

Riziki mzima. Presha ilipanda wiki iliyopita, usiku kichwa kikaanza, akaniamsha. Kutoka kitandani kwake mpaka chumba cha upasuaji hatukumaliza hata kubishana nani abebe kikapu. Degedege haikuja. Mtoto ni wa kike. Ni mdogo, alizaliwa kabla ya wakati wake, lakini ananyonya kwa hasira na sauti anayo. Tumempa jina la mama, dada yako. Najua ungetaka kuulizwa kwanza. Safari hii hatukukuuliza.

Kitovu kimekatika jana. Nimekifunga kama ulivyosema. Njoo ukichukue mwenyewe, hiki simpi Amosi akichomeke kwenye mkungu.

Lile koti ulilomvika Riziki mkishuka asubuhi ile ya baridi, ukaondoka ukiliacha makusudi kwenye kiti changu, bado lipo. Nilitaka kukurudishia tena. Leo kumenyesha tangu alfajiri na nyumba imepoa, basi mtoto nimemlaza na kumfunika nalo mpaka kifuani. Uso nimeuacha wazi.

Mpwa wako,
Nasra